Marashi ya Mabiringanya

Nchi yetu haina wadudu. Naanza na hilo ili msije mkanielewa vibaya huko mbele nitakapolazimika kuwataja. Nitawataja kwa ajili ya masimulizi tu, kama mtu anavyotaja mazimwi. Kwenye nchi yenyewe hawapo. Anayedai kuwaona hupimwa macho, na macho yakikutwa mazima, hupelekwa kunyooshwa.

Mimi naitwa Mbaruku, mpiga mbiu wa kata. Serikali imenipa kipaza sauti cha betri na kazi moja ya heshima: alfajiri na jioni nizunguke mashambani niwasomee wadudu Tangazo la Kukoma Kwao. "Enyi wadudu wote, wa kutambaa na wa kuruka, mnaotoboa na mnaofyonza! Kwa amri ya Mtukufu Mkulima Mkuu, hampo tangu mwaka jana! Tawanyikeni!" Najua mtaniuliza, kama hawapo, wanasomewa nini? Swali hilo aliwahi kuliuliza mwalimu mmoja wa hesabu. Siku hizi hafundishi.

Jambo lenyewe lilianza Siku ya Biringanya ya mwaka jana. Kwetu biringanya ndilo lililo kwenye bendera, na kila mwaka Mtukufu Mkulima Mkuu, ambaye jembe alilishika mara ile ya kupigwa picha, huyapasua mabiringanya ya kwanza ya msimu hadharani, mbele ya mabalozi. Mwaka ule akachukua la kwanza, akalipasua, na ndani akatoka funza. Mzima, mnene, mweupe, akainua kichwa akawatazama mabalozi mmoja mmoja kama anayetaka kutambulishwa.

Mtukufu akafunika biringanya kwa kiganja, akasema, "Nchi yangu haina wadudu."

Sasa Mtukufu huwa hakosei. Kwa hiyo ilibidi wadudu wasiwepo, na Wizara ya Kilimo na Ushindi ilimaliza shughuli hiyo kabla ya chakula cha mchana. Tatizo lilibaki moja tu, kwamba lile biringanya lilitoka shambani kwa kaka yangu Faki.

Kaka Faki alilima mabiringanya miaka yote kwa dawa yake mwenyewe ya mwarobaini, na watu walikuwa wanatoka mbali kuja kununua. Mwaka ule Wizara ikamvunjia mtungi wake kwa sababu dawa ya majani ni aibu kwa nchi yenye lami. Ikampa pipa la dawa ya Wizara, lenye picha ya simba. Faki akanyunyiza. Wadudu, ambao wakati huo walikuwa bado wapo, wakaoga ile dawa, wakanenepa, wakaita na jamaa zao. Faki akaenda kuwaambia wakubwa, wakamwambia anyunyize kwa imani zaidi.

Alipokamatwa hakushtakiwa kwa kuwa na funza. Jamani, angeshtakiwaje kwa kitu ambacho hakipo? Alishtakiwa kwa kumtunga funza kichwani mwake na kumtia kwenye biringanya ili kuichafua meza ya Taifa. Akapelekwa Nyumba ya Kunyooshwa, na sisi kama familia tulishukuru sana. Mama yetu alishukuru mpaka akaugua.

Mwaka huu Wizara ikapiga kura ya kuchagua shamba la Siku ya Biringanya, na kura ikaangukia shamba lilelile. Mwenye shamba sasa ni shemeji yangu Sikudhani, mke wa Faki. Sheria ni nyepesi. Mabiringanya yakipasuliwa yote yakawa safi, mwenye shamba anapewa ombi moja, lolote lile, kutoka mdomoni mwa Mtukufu mwenyewe. Likikutwa tundu, anakwenda kunyooshwa siku hiyohiyo, na gari huwa limeshawashwa pembeni.

Sikudhani aliposomewa habari hiyo alikaa chini kwenye kizingiti. Akaniuliza, "Ombi lolote, shemeji?"

"Lolote."

"Hata mtu?"

Nikatazama pembeni. Nikamwambia sheria haikutaja kwamba mtu hahesabiwi.

Basi mnaona alivyobanwa. Mabiringanya yakiachwa hivihivi yatatobolewa, na vile vichipukizi vya juu vilikuwa vimeanza kunyauka, dalili ambayo kila mkulima anaijua ingawa hakuna anayeijua. Akitia dawa, ni kusema kwamba kuna kitu kinachohitaji dawa, na hilo ni tusi kwa Mtukufu. Kukaa ni kwenda kunyooshwa, na kufanya ni kwenda kunyooshwa.

Alfajiri iliyofuata nikapita ubavuni mwa ua wake, kipaza sauti mdomoni. Nilipoanza kusoma, nikasikia mchi. Nasema nikasikia, lakini hasa sikusikia, maana kipaza sauti kina kelele. Nikisoma, mchi unatwanga. Nikinyamaza kumeza mate, mchi nao unanyamaza. Niliona ni adabu nisome polepole na kwa kurudiarudia. Nadhani shemeji alikuwa anatwanga kisamvu. Kisamvu cha mbegu za mwarobaini, kitunguu saumu na pilipili kichaa mimi sijapata kukila, lakini kila nyumba ina mapishi yake.

Alikiloweka kwenye mtungi siku nzima. Jioni, jua likishaishiwa ukali, alikichuja kwa kipande cha kanga kuukuu, akatia sabuni kidogo ili kishike kwenye majani. Hivyo ndivyo Faki alivyokuwa akipika kisamvu. Siku kadhaa zikapita hivyo, mimi nikisoma, yeye akitwanga. Vile vichipukizi vilivyonyauka akavikata akavichoma, na vipya vikasimama.

Halafu akaja Bwana Kitunzi.

Bwana Kitunzi ni Afisa Mnusaji wa wilaya nzima. Wizara haimtumi mtu kukagua kwa macho, maana macho yanaweza kuona kitu. Inamtuma Kitunzi anuse kama kuna dawa. Pua yake ni mali ya umma. Akipita sokoni huivika kitambaa cha hariri isije ikachoka, na ikipata mafua, redio hutangaza. Mimi nilimwona akiteremka kwenye pikipiki mwisho wa njia, na Sikudhani yuko uani anachuja, mikono imelowa hadi kwenye viwiko.

Nikapiga kelele kwenye kipaza sauti, "Enyi wadudu! Mgeni anakuja! Yuko kwenye mkorosho! Anapita kwa Bi Time! Anavua kitambaa cha pua!"

Kitunzi akanigeukia. "Hayo maneno yamo kwenye Tangazo?"

"Ni maelezo ya ziada, mheshimiwa. Wengine ni wazito kuelewa."

Akanipita. Nikamfuata nyuma. Aliingia uani, akasimama, akafumba macho, akavuta pumzi. Pua ilicheza kushoto, ikacheza kulia, ikatulia juu ya ule mtungi.

"Bibi," akasema taratibu, "hicho ni nini?"

Sikudhani alikuwa amesimama na kile kitambaa mkononi, kinachuruzika. Hakuwa na pa kukificha. Nilimwona anatupa jicho ndani, kwenye kabati la vyombo vya harusi yake, na sura yake ikabadilika.

"Ni marashi, bwana mkubwa."

"Marashi?"

"Marashi. Karibu ukae."

"Marashi gani yananuka kitunguu saumu?"

"Kwani bwana mkubwa, mabiringanya haya yanakwenda kwa nani?"

"Kwa Mtukufu Mkulima Mkuu."

"Haya. Bi harusi anapelekwa kwa mumewe bila marashi? Mgeni anaingia maulidini asirashiwe? Leo mabiringanya yanakwenda mezani kwa Mtukufu Mkulima Mkuu, mimi niyatoe hivihivi, makavu, kama yanakwenda gengeni? Nitaitwa mwanamke wa wapi?" Akaingia ndani, akatoka na mrashi wake wa fedha, ule wenye shingo ndefu na kichwa cha matundu, akaujaza kutoka mtungini mbele ya macho ya Kitunzi. "Waridi ni marashi ya watu. Mabiringanya yana marashi yake. Au bwana mkubwa unasema yasipewe heshima? Sema tu. Huyu hapa shemeji yangu, atakutangaza."

Kitunzi alitoa jasho kwenye ile pua. Harufu aliijua, hilo nina hakika, kwa sababu hakuna mtoto wa kwetu ambaye hakuogeshwa majani ya mwarobaini alipougua surua. Lakini aseme nini? Akisema ni dawa ya wadudu, atakuwa ametaja wadudu. Akiyakatalia heshima mabiringanya ya Mtukufu, kuna sheria nyingine ya hiyo, na gari lake huwashwa vilevile.

Kuku wakatusahau wakarudi kuparua miguuni mwetu. Mwishowe akasema, "Nanusa harufu ya uzalendo."

"Ahsante, bwana mkubwa," akasema Sikudhani.

Kuanzia jioni ile wanawake wa mtaa mzima walikuja kila mmoja na mrashi wake wa harusi, wakapita kwenye matuta wakiyarashia mabiringanya juu ya majani na chini ya majani, hasa chini, kwa sababu heshima hukaa zaidi chini. Wakapiga na vigelegele. Kitunzi alisimama pembeni akiandika. Baadaye tukasikia redioni kwamba yeye ndiye aliyebuni Marashi ya Taifa, baada ya utafiti mrefu. Sikudhani akacheka mpaka akakaa chini, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anacheka tangu Faki aondoke. Mabiringanya yakanenepa, meusi, yanang'aa, hayana hata alama.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini ofisini kwa Mtukufu kuna watu ambao kazi yao ni itifaki, nao wakaketi wakafikiri. Wakasema, haiwezekani biringanya lirashiwe halafu Mtukufu asirashiwe. Biringanya limzidi heshima Mtukufu? Ikapitishwa kwamba siku ya sherehe Mtukufu atarashiwa Marashi ya Taifa, na atakayemrashia ni mwenye shamba.

Habari ililetwa na Kitunzi mwenyewe, siku moja kabla. Sikudhani alikuwa anasuka ukili wa mkeka, akauacha.

"Basi nitatafuta waridi nzuri," akasema. "Ya Mtukufu niichanganye upya."

"Hapana," akasema Kitunzi. "Nilikwisha kuripoti ni marashi yaleyale. Kesho nitayanusa mbele ya watu kabla hujamrashia. Yakiwa na harufu tofauti na niliyoiripoti, bibi, mmoja wetu atakuwa alidanganya. Mimi sidanganyi." Akajivika kitambaa chake cha hariri. Pale mlangoni akageuka, na safari hii hakuongea kama afisa. "Bibi, hayachomi sana?"

Kitunzi alipoondoka, nikasema, "Shemeji, toroka. Chukua njia ya mashimoni, mimi nitasoma Tangazo mpaka ufike mbali."

"Nikitoroka nani atamwomba Faki?"

"Na ukimtia yule mtu pilipili machoni?"

"Mrashi hautii machoni, Mbaruku. Mrashi unatia kichwani na mikononi." Akakiokota kile kipande cha ukili akaanza kusuka tena, anakosea, anafumua. "Huko kwingine mtu anajipaka mwenyewe."

Uwanja ulijaa kesho yake. Mtukufu alikaa kwenye kiti chenye umbo la biringanya, ambacho si rahisi kukikalia, mawaziri wamejipanga kushoto na kulia kwake. Gari lilikuwa pembeni linanguruma. Mimi niliwekwa karibu na jukwaa na kipaza sauti changu, maana mitambo ya Serikali ilikuwa imegoma.

Waziri wa Kilimo na Ushindi alihutubia kwanza. "Ndugu wananchi! Mwaka jana maadui wa nchi hii walidai kuna wadudu. Leo tunawauliza, wako wapi? Tumewatafuta kwa darubini, kwa mbwa, kwa sensa! Mdudu aliyehesabiwa ni sifuri! Na huyo sifuri naye tunamfuatilia!" Watu wakapiga makofi. Nzi mmoja akatua kwenye paji la uso wake, akatembea hadi kwenye nyusi, na waziri hakumfukuza, kwa sababu angemfukuza nani?

Kikaja kisu. Mtukufu akapasua la kwanza. Jeupe, safi. La pili safi. Sikudhani alikuwa amesimama peke yake katikati ya uwanja, mrashi kifuani, midomo inamcheza. Kila kisu kilipoteremka alifumba macho. Likaja biringanya moja lenye kovu dogo ubavuni, rangi ya kahawia, si kubwa kuliko punje ya mtama. Mtukufu akaliona. Akaligeuza. Waziri akaacha kupumua, na dereva wa lile gari akaingiza gia.

Kisu kikashuka. Ndani palikuwa peupe. Kitu kilikuwa kimeanza kutoboa, kikaonja, kikaghairi. Nilisikia uwanja mzima unashusha pumzi, na mimi machozi yalinitoka, nasema bila kuficha.

"Ombi!" wakapiga kelele wanawake wa mtaani kwetu. "Apewe ombi lake!"

"Marashi kwanza," akasema mtu wa itifaki.

Kitunzi akatangulia, akauinamia mrashi, akavuta pumzi. Alikohoa kidogo, akakimeza kikohozi. "Ni yenyewe," akasema, uso umempauka.

Sikudhani akapanda jukwaani. Akamrashia Mtukufu kichwani, juu ya kofia. Kisha, kama inavyofanywa kila siku maulidini na harusini, Mtukufu akakinga viganja, Sikudhani akavijaza, na Mtukufu, mbele ya wananchi na mabalozi, akajipaka uso mzima. Alijipaka vizuri. Alisugua na macho, kama baba zetu walivyotufundisha.

Kwanza hakikutokea kitu. Mawaziri, kwa kuogopa kuachwa nyuma kwenye baraka, wakakinga viganja vyao, nao wakajipaka. Waziri wa Kilimo aliomba mara mbili.

Kisha Mtukufu akafungua mdomo, na neno halikutoka. Uso ukavimba. Machozi yakaanza kutiririka, kamasi nazo, na mikono ikashika kile kiti. Mawaziri wakafuata mmoja baada ya mwingine, wanalia, wanapiga chafya, wanakanyagana. Walinzi wakainua bunduki, lakini hawakujua wamwelekezee nani, maana hakuna aliyeshambuliwa. Mtukufu amerashiwa marashi yaliyothibitishwa na Wizara. Nani atasema yamemuumiza? Atakayesema anasema Wizara ilimpaka Mtukufu dawa ya kuulia kitu fulani.

Watu wote wakawa wanatazamana. Halafu wakanitazama mimi, kwa sababu mwenye kipaza sauti ni mimi. Sikudhani naye alinitazama. Mrashi ulikuwa umemwanguka, na mlinzi mmoja alikuwa anapiga hatua kumwendea.

Mimi ni mtu wa kusoma tu. Sijapata kusema neno langu mwenyewe kwenye kile chombo isipokuwa ile siku ya Kitunzi. Nikakileta mdomoni.

"Ndugu wananchi!" nikapiga ukelele. "Mtukufu analia! Analia kwa mapenzi! Ameona mabiringanya yenu yalivyo safi, mapenzi yamemzidi! Lieni naye!"

Uwanja mzima ukaangua kilio. Wengine waliigiza, lakini wengi, mkisikiliza vizuri, walikuwa na vilio vyao walivyovileta kutoka nyumbani. Yule mlinzi akasimama, akafikiri, akaanza kulia.

"Na sasa," nikaendelea kabla sauti haijanikauka, "mwenye shamba anatoa ombi!"

Sikudhani akapiga magoti mbele ya kile kiti. "Namtaka mume wangu Faki."

"Mpeni!" akalia Mtukufu, macho yamefumbana. "Mpeni chochote! Maji! Nani ana maji?"

Nikalitangaza hilo mara nyingi sana, lisije likapotea njiani.

Siku hizi Siku ya Biringanya inaitwa Siku ya Machozi, na kwa mujibu wa sheria mawaziri watarashiwa kila mwaka. Wanaipenda mno. Wameshaanza kulia.

Faki aliletwa na lile gari. Walimshusha mlangoni, akasimama wima kabisa, mikono ubavuni, shingo haigeuki. Alikuwa mtu wa kuinama, kaka yangu, wa kupekua majani. Mama akamkumbatia, yeye akasema, "Naishukuru Wizara." Sikudhani akamletea uji, naye Faki akasema, "Naishukuru Wizara," kisha akaunywa.

Jioni Sikudhani akamshika mkono akampeleka shambani. Mimi nikafuata. Akavunja jani, akaligeuza upande wa chini. Kulikuwa na vidukari, wamejaa, wanatembea.

"Unaona nini, baba?"

Faki akalitazama jani kwa muda mrefu. "Safi," akasema. "Nchi yetu haina wadudu."

"Faki. Tazama."

"Safi."

Nilidhani shemeji atapiga yowe. Hakupiga. Alirudi naye uani akamkalisha mbele ya kinu, akatia mbegu za mwarobaini, akampa mchi. Faki akaushika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Macho yake yalikuwa mbali, ukutani. Lakini mikono ikaanza yenyewe, pu, pu, polepole, kisha kwa ule mwendo wake ninaoujua tangu utoto. Akaacha kutwanga. Akachota unga kidogo kwa vidole, akausugua, akaunusa.

"Mbegu hizi zimeungua na jua," akasema. "Nani kazianika?"

"Mimi," akasema Sikudhani, na hapo ndipo akalia.

"Si nilikwambia uanike kivulini?"

Mchi ukaanza tena, kwa nguvu zaidi, na nyuma ya ua nikasikia pikipiki inazimwa na mtu anakunjua kitambaa. Sherehe ilikuwa imekwisha na marashi hayakuwa na kisingizio tena, nikatoka mbio njiani, nikawasha kipaza sauti mpaka mwisho wa sauti yake. "Enyi wadudu wote, wa kutambaa na wa kuruka!" Nikalisoma Tangazo lote, na nilipomaliza, mchi ulikuwa bado unatwanga, nikaanza upya.